Mama Sebule Analisha Maji

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Mama Sebule, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Alikuwa fundi wa mapazia, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu kabisa na mlango, ili anayepanda au kushuka ngazi za jengo asipite bila kuulizwa habari za kwake. Mteja aliyekuja kupimiwa pazia la chumba kimoja aliondoka jioni akiwa amekunywa chai mpaka tumbo linacheza, amejua nani kahama ghorofa ya tatu na aliondoka na vyombo vya nani, na pazia lenyewe amesahau kulitolea vipimo. Birika halikupata nafasi ya kupoa. Viti vikiisha, watu walikalia marobota ya vitambaa, na marobota yakiisha walisimama, wakasema hapana, hapa hapa panatosha.

Halafu jirani wa juu akanunua televisheni.

Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kawaida tu, mpokea simu katika ofisi ya bima, anayesalimia kwa nidhamu na kupita. Lakini televisheni ile ilikuwa pana kiasi kwamba haikuweza kuingia mlangoni mpaka mlango ung'olewe, na aliyeitwa kuung'oa alikuwa fundi vitasa wa jengo, mume wa Mama Sebule mwenyewe, ambaye kwa kazi yake na kwa uchache wa maneno yake watu walimwita Bwana Kufuli.

"Umewafungulia mlango maadui," Mama Sebule alimwambia siku ile.

"Nimeufunga tena," alijibu Bwana Kufuli. "Na bawaba nimezipaka mafuta."

Jirani akawa Bi Skrini. Kila jioni tamthilia ilipoanza, watu walipanda. Walipita mlangoni kwa Mama Sebule wakitembea kwa ncha za vidole, kama wezi wa kuku, naye alikaa chini akiwasikia wakikanyaga dari lake.

"Huyo ni Kinyozi," alisema, pini zimejaa mdomoni. "Anatembea kama sakafu inamdai. Na huyo anayecheka kabla ya kuchekeshwa ni Dada Nyanya."

Bwana Kufuli alijua kwamba mke wake angeweza kuvumilia kukosa wateja, kukosa umeme, hata kukosa usingizi, lakini nyumba tupu ilikuwa inamla taratibu kama nondo ndani ya sweta. Alishaanza kuisimulia cherehani habari za jengo.

Siku iliyokata maneno ni ile Dada Nyanya, muuza mboga wa pale chini, alipobisha hodi. Mama Sebule aliruka kutoka kwenye cherehani, birika mkononi.

"Karibu, karibu, kaa mdogo wangu!"

"Sikai, dada. Nimetumwa. Bi Skrini anaomba viti, kule juu watu wamezidi."

"Viti vyangu?"

"Si una viti ambavyo havina mtu."

Alivitoa. Angefanyaje? Mtu hanyimi kiti. Lakini alivitazama vikipanda ngazi miguu juu, kama mbuzi wanaopelekwa sokoni, na moyo wake ukapanda navyo.

Dawa aliipata kwa daktari wa meno. Alikwenda kung'olewa gego, na katika chumba cha kungojea palikuwa na tangi la kioo lenye samaki. Watu wenye mashavu yaliyovimba, ambao kwa kawaida wangekaa kila mmoja na maumivu yake, walikuwa wamelizunguka tangi na kuwanyooshea samaki vidole. "Huyu mwenye mkia mwekundu ndiye bwana." "Aa wapi, bwana ni yule mnene, tazama wanavyompisha." Mwanamume mmoja ambaye Mama Sebule hakumjua hata kwa sura alimsimulia talaka yake yote, mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa kwenye kioo. Mama Sebule aliingia kwa daktari akitabasamu. Gego likatoka, wazo likabaki.

Bahati ilikuwa kwamba shemeji yake, mdogo wake Bwana Kufuli, alikuwa muuzaji wa samaki wa mapambo. Bahati mbaya ilikuwa kwamba ni shemeji, na kati yao hapakuwahi kupita neno lisilo na pilipili.

"Wewe, tangi?" alicheka shemeji, amebeba kioo kifuani kama mtoto aliyelala. "Samaki wanataka utulivu, shemeji. Hapa hata mende wamehama kwa kelele."

"Mende walihama walipokuona wewe unakuja kula. Weka pale dirishani, watu wapitao walione."

"Dirishani jua litayapika maji, utafuga ukoko wa kijani. Tunaweka ukutani, na juu ya meza ile ya kukatia vitambaa. Maji ni mazito. Ukiweka kwenye kile kimeza chako cha maua, kesho samaki watakuwa wanaogelea kwa jirani wa chini."

Wakafanya kazi mchana kutwa. Bwana Kufuli alileta pimamaji lake, akaweka vipande vya mbao chini ya mguu mmoja wa meza mpaka kiputo kikatulia katikati, kisha akatandika sponji jembamba ili kioo kisikae juu ya punje yoyote ya mchanga kikapasuka. Mama Sebule alipewa changarawe za kuosha. Aliziosha kwenye beseni kama mchele, akimwaga maji machafu na kutia mengine, mpaka akachoka na kuchukua sabuni.

"Sabuni!" shemeji alipiga yowe lililomfanya mtu wa ghorofa ya chini agonge dari kwa ufagio. "Shemeji, unataka kufuga samaki au unataka kuwafulia?"

Maji yaliyokwishakaa ndooni yakitoa dawa ya bomba yalimiminwa juu ya sahani iliyolazwa ndani ya tangi, taratibu, ili changarawe zisifumuke. Mimea ikapandwa nyuma ya jiwe. Chujio la sponji likaunganishwa na pampu ndogo, likaguguma mara mbili, likaanza kutoa mapovu. Mama Sebule akarudi nyuma, mikono kiunoni, akaona kwamba sebule yake imepata jicho.

"Haya," alisema. "Walete."

"Nani?"

"Samaki. Umewaacha kwenye baiskeli?"

Shemeji akaanza kufuta mikono. "Samaki bado."

"Bado vipi?"

"Maji hayajakomaa. Samaki anakula, anajisaidia humo humo. Uchafu ule ni sumu. Kuna vijidudu vizuri vinavyokula sumu hiyo, lakini lazima kwanza vizaliwe, vihamie kwenye sponji na changarawe. Ni wiki kadhaa. Nikikupa samaki leo, atauawa na choo chake mwenyewe."

Mama Sebule akakaa kwenye robota la vitambaa. Uso ulikuwa umempauka.

"Umeshawaambia watu," Bwana Kufuli alisema. Halikuwa swali.

Alikuwa amemwambia mmoja tu. Lakini huyo mmoja alikuwa Dada Nyanya, na kumwambia Dada Nyanya jambo ni sawa na kulitia kwenye kipaza sauti, isipokuwa kipaza sauti huzimwa. "Jumamosi," alikuwa amemwambia, "njooni mwone samaki wenye rangi za pazia la ukumbi wa harusi, wanageuka kwa pamoja kama askari." Aliongeza na jambo la samaki mmoja anayejua kupiga busu kwenye kioo. Hilo alilibuni palepale, kwa furaha.

"Nipe hata mmoja, shemeji," akabembeleza. "Hata mgonjwa mgonjwa. Hata yule ambaye ulishakata tamaa naye."

"Sitoi."

"Basi nitakwenda kwa mwingine."

"Nenda. Wote nimeshawapigia simu." Akavaa viatu. "Wewe kila asubuhi tia humo chakula cha samaki, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Kikioza, vijidudu vitapata cha kula."

"Nilishe maji?"

"Lisha maji. Maji ukiyavulia nguo..."

"Toka kwangu!"

Asubuhi akalisha maji. Na kwa kuwa Mama Sebule hakuwahi kufanya jambo lolote kimya, hata kuoga, alijikuta akisema, "Haya kuleni, wanangu, msione haya, mko kwenu." Alipogeuka, Dada Nyanya alikuwa amesimama mlangoni na fungu la nyanya, akitazama tangi, akimtazama yeye, akitazama tangi.

"Dada... unamlisha nani?"

Hapo angeweza kueleza. Lakini ulimi una haraka kuliko akili.

"Lisemwalo lipo," alisema Mama Sebule akiinua kidevu. "Kama halipo, laja."

Dada Nyanya aliweka nyanya chini polepole, akatoka kinyumenyume.

Kufikia adhuhuri jengo zima lilikuwa nalo. Ghorofa ya kwanza walisema ana samaki wa bei mbaya, wale wasioonekana kwa macho ya mtu mwenye kijicho. Ya pili walisema hapana, samaki walikuwepo wakafa, naye amekataa kukubali msiba. Kinyozi aliwaambia wateja wake kwamba yeye binafsi alisikia maji yakijibu. Bi Skrini ndiye aliyesema neno lililomfikia Mama Sebule likiwa bado la moto: "Nilijua upweke utamfikisha hapo."

Hilo lilimchoma. Mtu aliyezoea kupika habari za wenzake alikuwa sasa ndani ya sufuria, na kifuniko juu.

"Jumamosi hawatakuja," alimwambia mumewe. "Na wakija, watakuja kunitazama mimi, si samaki. Watanionea huruma, wapande kwa Bi Skrini, wasirudi tena."

Bwana Kufuli alikuwa anasugua funguo kwa tupa. "Waambie ukweli."

"Niwaambie nimewaalika kutazama maji?"

"Kwani kule juu wanatazama nini? Kioo. Kioo na sisi tunacho. Na ndani ya hiki cha kwetu mkono unaingia."

Jumamosi walikuja. Walikuja wote, na zaidi ya wote. Hata mtu wa ghorofa ya chini alikuja na ufagio wake. Hakuna kinachojaza nyumba kama fununu kwamba mwenye nyumba hayuko sawa. Walikuja na viti vyake mwenyewe, kila mmoja akiwa amebeba alichokuwa anakikalia juu, na Bi Skrini akaja na manukato yaliyomtangulia, akaketi mbele kabisa, mguu juu ya mguu, kama hakimu.

Chai ikapita. Watu wakayatazama maji, na maji yakawatazama watu. Pampu ikaguguma. Mtu akakohoa.

"Ni hivi," Mama Sebule alianza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno yalikuja moja moja. Akaeleza yote: choo cha samaki, sumu, vijidudu vizuri, sponji, chakula cha kuoza, shemeji na roho yake mbaya.

Kinyozi akainua mkono. "Kwa hiyo sisi waalikwa tumekuja kutazama vijidudu?"

"Havionekani," alikiri Mama Sebule.

"Afadhali vya vichwani mwa wateja wangu. Vile angalau unaviona vikikimbia."

Sebule ikalipuka kwa kicheko, lakini hakikuwa kile kicheko chake cha zamani. Hiki kilimwacha uchi. Bi Skrini akasimama, akanyoosha gauni.

"Jamani, mimi tamthilia yangu inaanza. Anayetaka kutazama kitu kinachotembea, anifuate."

Miguu ya viti ikakwaruza sakafu. Mtu wa kwanza akabeba cha kwake, wa pili akabeba. Mama Sebule alishika birika kwa mikono miwili asijue ammiminie nani. Mlango ulikuwa wazi, Bi Skrini ameshatanguliza mguu mmoja nje.

"Ngojeni," alisema Kinyozi. Alikuwa ameinama kuweka kikombe, pua yake imegusa kioo. "Kuna kitu kinatembea."

Wakageuka. Chini, pembeni mwa jiwe, kutoka kwenye majani ya mmea, kilikuwa kinatokeza kidude cha kahawia, si kikubwa kuliko kifungo cha shati. Kikatoa pembe moja. Kikafikiri. Kikatoa ya pili.

"Konokono!" alisema Dada Nyanya.

Mama Sebule hakuwa na habari naye. Alikuja amejificha kwenye mimea, bila kualikwa, bila hodi. Lakini mwanamke yule hakukaa karibu na mlango miaka yote hiyo bure. Aliweka birika chini, akafuta mikono, na sauti yake ikamrudia yote.

"Aaa! Mgeni rasmi huyo amefika! Mlitaka aje mapema, kabla wananchi hawajakaa? Mgeni rasmi gani wa hivyo? Haya kaeni, kaeni, mnamtia aibu!"

Hiki sasa kilikuwa kicheko chake. Viti vikashuka. Konokono akafika kwenye kioo, akabandika tumbo lake, na akaanza kupanda mbele ya macho ya jengo zima.

"Anafika juu kabla birika halijachemka," alisema Kinyozi.

"Yule? Hafiki!" Dada Nyanya alidakia. "Hata mtaani kwetu posta inafika kwanza."

"Weka maji motoni, Mama Sebule! Tuone!"

Birika likajazwa, moto ukawashwa, na watu wakagawanyika pande mbili bila kugawanywa: waliokuwa na Mgeni Rasmi kulia, waliokuwa na birika kushoto.

"Panda baba, panda!"

"Polepole ndio mwendo!"

"Huo si mwendo, hayo ni maegesho!"

"Amesimama! Kwa nini amesimama?"

"Anakula. Mgeni rasmi lazima ale."

Bi Skrini alikuwa bado mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Akifika kwenye mapovu atageuka," alisema, kama anayejisemea. "Nasema atageuka kushoto."

"Dada, kaa au toka," mtu wa ghorofa ya chini alimwambia. "Unatuletea upepo."

Akakaa. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimeshachukuliwa, akakalia robota la vitambaa.

Konokono alifika kwenye mapovu, akageuka kushoto, na Bi Skrini akapiga makofi bila kujua. Birika likaanza kuimba. Mgeni Rasmi alikuwa amebakiza upana wa kidole afike juu. Watu walisimama, walishikana mabega, Bwana Kufuli, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alisema "Kaza!" Na hapo, bila sababu ambayo konokono angeweza kutoa mbele ya mahakama yoyote, akaachia. Akatoka kwenye kioo kama kifungo kilichokatika uzi, akashuka taratibu, akatua kwa mgongo juu ya changarawe.

Kelele zilizopigwa pale zilimfanya mbwa wa mtaa wa pili abweke.

"Amesukumwa!" alilia Kinyozi. "Mmemsukuma kwa midomo yenu!"

"Amejiuzulu!"

"Anarudi! Tazama, anajigeuza, anarudi!"

Katikati ya vurugu hiyo Mama Sebule aliinua macho. Kule juu televisheni ilikuwa imejiwasha kwa saa yake, na muziki wa tamthilia ulikuwa unapita kwenye dari. Mtu fulani analia, mwingine anamwomba msamaha. Hapakusikika hata mguu mmoja. Akajaza tena birika.

Samaki walikuja baadaye, shemeji alipochota maji kidogo, akayatia matone ya dawa ya kupimia, akatazama rangi, akasema sasa yamekomaa kuliko mwenye nyumba. Walikuwa wazuri, wenye mikia myekundu, na kweli waligeuka kwa pamoja kama askari. Wageni waliwatazama kwa adabu. "Wazuri, wazuri. Na Mgeni Rasmi yuko wapi?"

Shemeji alipomwona konokono alishika kichwa. "Mtoe huyu upesi! Hawa wanazaana kama uvumi."

"Basi amefika nyumba yake," alisema Mama Sebule.

Na kweli wakazaana. Kioo kikawa na wajumbe, makatibu, na kamati ndogo ya pembe ya kulia. Ndipo alasiri moja Bi Skrini akashuka, akiwa na chupa ya jamu chini ya mtandio.

"Nasikia wamezidi," alisema, akitazama mahali pengine.

Mama Sebule angeweza kukataa. Kuna siku angekataa, na maneno ya kukatalia alikuwa nayo tayari, yamekunjwa vizuri kama mapazia ya kupelekwa kwa mteja. Lakini mtu hanyimi konokono.

"Nitakuwekea wawili. Tangi unalo?"

"Nimenunua dogo. Limekaa karibu na televisheni. Nimelijaza maji leo."

"Leo?" Mama Sebule alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Aa, mwenzangu. Lazima yakomae. Kila asubuhi uyalishe, kidogo tu, kwa vidole viwili. Na uyasemeshe."

"Niyasemeshe maji?"

"Yangu si uliona yalivyonyooka? Sema, kuleni wanangu. Kwa sauti. Yakikomaa, uje uwachukue wageni wako."

Bi Skrini alishukuru, akapanda na chupa tupu. Mama Sebule alisubiri mpaka mlango wa juu ulipofungwa, kisha akaweka mkasi chini na kuchungulia ngazi. Chini kule Dada Nyanya alikuwa anapanga nyanya.

"Mdogo wangu! Acha hizo nyanya, hazina miguu. Njoo unywe chai nikuambie."

Asubuhi ya pili, jengo zima lilikuwa kwenye ngazi, kila mtu na kiti chake, likipanda kwa ncha za vidole kwenda kusikiliza mlangoni kwa Bi Skrini. Mama Sebule alikuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa amekamata kiti, mguu mmoja wa kiti umenasa kwenye pazia la mteja.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bwana Kufuli.

"Kutazama maji."

"Si ulitaka wao ndio washuke?"

"Sakafu yake si ndiyo dari langu? Yote hii ni sebule moja," alisema. "Nishikie huo mguu, tunachelewa."

Bwana Kufuli akaweka tupa chini, akakinasua kiti, kisha akachukua na cha kwake.